Gauni Lisilogeuzwa

Wananiita Pasi. Wengine husema ni kwa sababu ya kazi yangu pale dukani, kupiga pasi, kushona vifungo na kukata nyuzi zinazoning'inia. Uongo mtupu. Wananiita Pasi kwa sababu nikiguswa naunguza, na kwa habari hii nimeguswa, kwa hiyo mtanivumilia. Nataka kusimulia habari za wifi yangu, mke wa kaka yangu, yule fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Mwingine ambaye habari hii inamhusu ameniruhusu niiseme kwa sharti moja tu, nisitaje jina la mtu wala la mtaa. Sawa. Anayetaka majina amfuate Redio, atapewa yote na mengine ya nyongeza.

Kwanza mjue wifi yangu ni mtu wa namna gani. Duka letu ni chumba kimoja. Mbele kuna meza ya kukatia, pembeni cherehani na ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, inayonguruma, chini ya dirisha benchi la wateja, na kona ya nyuma kuna pazia la kupimia. Pazia hilo alilishona mwenyewe kwa kitambaa kizito chenye bitana, linagusa sakafu na linapishana katikati ili usibaki hata ufa wa kuchungulia. Mteja akiingia mle anaingia na Mama Pindo tu. Hata mimi nikitakiwa kupeleka pini, nainama na kupenyeza mkono chini. Tena vipimo havitamkwi kwa sauti. Kuna mafundi wanaotangaza kiuno hiki na nyonga hizi mpaka muuza mboga wa nje anajua umenenepa. Kwa Mama Pindo hakuna hayo. Kila mteja ana utepe wake wa kitambaa, anautia alama za wino na kuutundika ukutani pamoja na nyingine, bila jina. Upi ni wa nani anajua yeye peke yake.

Lakini kazi ya mikono yake haifichi hata kidogo. Siku ya kukabidhi nguo, kabla hajapokea malipo, anaichukua, anaigeuza ndani nje mbele ya wote waliokaa benchini na kuitandaza mezani. "Angalia ndani," anasema. "Vuta mshono, usiogope." Mteja akiona uzi umelegea, Mama Pindo anafumua pale pale na kuanza upya, wala hanuni. Watu wanatoka mbali kuja kwake kwa ajili ya jambo hilo. Ni desturi yake tangu anaanza kazi, na sijawahi kumwona akiiruka.

Mtu wa pazia lile na desturi ile, jamani, ndiye aliyekuja kuumbuliwa na kidude cha kioo.

Kidude chenyewe ni tableti. Wateja walikuwa wanakuja na picha za mitindo kwenye simu zao, simu nyingine chaji imekwisha, nyingine kioo kimepasuka huoni kama ni kola au ni kamba. Mama Pindo akaona bora iwepo ya duka, mtu akisubiri zamu yake aangalie mitindo kwa raha. Fundi simu wa ng'ambo ya barabara akamuuzia iliyotumika. Akajitia ukarimu. "Nimekuwekea na kivinjari chenye kasi, mama, bure kabisa." Kivinjari, kwa asiyejua, ni ile programu unayofungulia mtandao. Akaongezea tochi, kibodi yenye maua, programu ya kurembesha picha, na vingine ambavyo hatukuviomba. Kila kimoja kilipofunguliwa kikauliza maswali. Kiruhusiwe kuona majina ya watu wako? Kiruhusiwe kujua ulipo? Kiruhusiwe kusikiliza? Na fundi simu kidole chake kikawa kinabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, kama mtu anayeponda kunguni. Tochi inataka majina ya ndugu zangu ya nini? Sikuuliza siku ile, hakuna aliyeuliza.

Mwisho akaingiza akaunti ya Mama Pindo, ileile iliyokuwa kwenye simu yake. Na kwa kuwa kaka yangu hajawahi kukumbuka neno la siri hata moja tangu azaliwe, akaunti hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kwenye simu ya kaka yangu pia. Likumbukeni hilo.

Basi mchana mmoja akaja Mwalimu. Anafundisha sekondari, ni mteja wetu wa siku nyingi, na mama yake naye ni wetu, bibi mpole anayekuja kukaa benchini hata akiwa hana cha kushonewa, ilimradi apate wa kuzungumza naye. Mwalimu alitaka gauni la mahafali ya shule, maana safari hii yeye ndiye angesimama mbele ya wazazi kutoa hotuba. Wakaingia pazia. Walikaa mle muda mrefu kuliko kawaida. Nikasikia mtu anapenga kamasi. Mwalimu alipotoka alikuwa amejizungushia mtandio kifuani, akaniaga haraka akaenda zake. Mama Pindo akabaki amesimama na futi shingoni anatazama ukuta.

"Wifi, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Piga pasi."

Nilijua kuna kitu. Nikapiga pasi.

Kuanzia hapo ikawa kila duka likipoa anaichukua tableti, anajibanza nayo kona ya cherehani, anasoma, anafuta miwani, anasoma tena. Akanituma sponji laini na pamba nyepesi isiyochubua ngozi. Nikadhani ni mtindo mpya umeingia, maana mitindo siku hizi haishi vituko.

Wa kwanza kuona alikuwa Redio. Huyu ni jirani yetu, anauza vyombo vya plastiki milango michache kutoka kwetu, na mdomo wake haujui kupumzika. Alikuja na kitambaa, akakaa benchini na tableti anatafuta mikono ya gauni. Mkono wa kwanza, mkono wa pili, halafu katikati likachomoza tangazo kubwa: UMEONDOLEWA TITI? RUDISHA UMBO LAKO. Akalifuta. Chini yake likaja lingine la sidiria za waliofanyiwa upasuaji wa saratani.

"Mama Pindo," akasema, na sauti yake mnaijua, duka zima likageuka. "Mbona hiki kidude chako kinazungumza habari za wagonjwa?"

Mama Pindo akakivuta kutoka mikononi mwake. "Matangazo tu hayo. Kila mtu anayapata."

"Kila mtu nani? Mimi yangu ni ya sufuria na mabeseni." Redio akatoa simu yake akatuonyesha, na kweli, sufuria na mabeseni. "Haya mambo yanakuletea kile unachokitafuta, shoga yangu."

Akamtazama Mama Pindo usoni, kisha akamtazama kifuani. Nilimwona. Hakusema tena, akakusanya kitambaa chake akaondoka, na Redio akiondoka kimya ujue anawahi kutangaza.

Baada ya hapo kila aliyeshika tableti akakutana nayo. Bibi harusi mtarajiwa anatafuta shela, analetewa sidiria ya mgonjwa. Kaka yangu naye, ambaye ni fundi uashi, akiwa kazini wakati wa kupumzika akawawekea wenzake video ya mpira, na kabla mpira haujaanza likatokea lilelile, DALILI ZA SARATANI YA TITI AMBAZO MKEO ANAWEZA KUKUFICHA. Wenzake wakacheka. Kisha mmoja akakumbuka alichokisikia kwa mkewe, na mkewe alikisikia kwa nani mnajua, wakaacha kucheka. Kaka yangu akaja dukani na saruji miguuni, akaniita nje.

"Dada," akasema, "mke wangu anaumwa ananificha?"

Akalia pale barabarani watu wanapita. Sijamwona kaka yangu akilia tangu tumzike baba. Nikaingia ndani nimepandwa na mori, sikujali kuna mteja au hakuna.

"Wifi, una nini kifuani?"

"Sina kitu."

"Usinifanye mtoto! Mumeo analia nje huko. Mtaa mzima unajua, sisi ndugu zako tunaambiwa na mpira!"

Akanishika mkono, akaniingiza pazia, akalifunga, akafungua vifungo vya blauzi yake mmoja baada ya mwingine. "Tazama," akasema. Nikatazama. Hana kovu wala nini, mzima kama siku alipoolewa kwetu.

"Umeona? Kaka yako nitamwambia mwenyewe sasa hivi. Mwingine yeyote akikuuliza, usithubutu kusema si mimi."

"Kwa nini? Wanakuzika ukiwa hai, wewe unanyamaza?"

"Kwa sababu nikisema si mimi, watauliza ni nani. Na wanaoingia humu Redio anawajua wote."

Nikamwuliza basi ni nani. Akafunga vifungo vyake akatoka.

Yaliyofuata yalinitia uchungu mpaka leo nikiyakumbuka meno yanasagana. Wanawake wakaanza kuja na zile sauti za msibani. "Pole, Mama Pindo. Usijichoshe." Wanamshika bega huku macho yanapapasa ukutani kutafuta vitambaa vyao vinavyosubiri kushonwa. Mmoja akachukua cha kwake, kesho yake mwingine, eti wanampunguzia kazi. Kazi ndiyo ilikuwa inamweka mjini, wanampunguzia! Mmoja akaniinamia akaniuliza kwa kunong'ona kama Mama Pindo atawahi kumaliza suti yake kabla...

"Kabla ya nini?" nikamwuliza kwa sauti. "Malizia, dada. Kabla ya nini?"

Na Mama Pindo anakanyaga cherehani, anaitikia pole zao, "Asante, asante," kichwa chini.

Mimi sina moyo huo. Nikavuka barabara na tableti mkononi mpaka kwa fundi simu, nikaibwaga juu ya meza yake.

"Umetuuzia nini wewe?"

Akaiwasha, akaona, akacheka. Alicheka, jamani! "Ah, hiyo ndiyo kazi yake, mama. Hicho kivinjari kinaangalia unachotafuta, kinawaambia wenye biashara, nao wanakuletea. Ndiyo maana ni bure. Na sisi tunaoviweka tunapata kidogo chetu." Alivyosema, ungedhani anatupa habari njema.

"Kwa hiyo ulijua."

"Kila mtu anavitumia. Kwani tatizo liko wapi? Kama mtu hana la kuficha, anaogopa nini?"

Simu yake mwenyewe ilikuwa pale mezani, haijafungwa. Nikainyakua. "Vizuri, wewe huna la kuficha. Nawasomea ujumbe wako hawa wateja wako waliosimama hapa. Naanza wa juu kabisa, huu wenye moyo mwekundu."

Aliruka juu ya meza akaninyang'anya, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Wateja wake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

"Na choo chako nyumbani kina mlango," nikamwambia. "Ung'oe basi, si huna la kuficha?"

Nilirudi dukani nimempa vidonge vyake, lakini nilirudi na tatizo lilelile mkononi. Ndipo siku hiyohiyo Mwalimu akaja kujaribu gauni. Duka lilikuwa tupu. Mama Pindo alikuwa anamalizia mshono, akamwomba asubiri kidogo, na Mwalimu akakaa benchini. Mkono wake ukaenda kwenye tableti, kama wa mtu yeyote anayesubiri, kabla sijaweza kuiondoa. Nikaona tangazo lilelile limechomoza na uso wake unabadilika.

"Habari hii ni yangu," akasema.

Mama Pindo akainua mguu kutoka kwenye pedali. "Mwalimu, nisamehe. Nilikuwa natafuta namna ya kukata sponji ikae vizuri upande mmoja. Jina lako sikuliandika popote, naapa."

Mwalimu akanigeukia mimi, akaona kwamba nimeelewa, akaamua kusema mwenyewe. Aliondolewa titi la kushoto. Nyumbani aliaga anakwenda semina. Dada yake mkubwa alikufa kwa ugonjwa huohuo, na mama yao baada ya mazishi yale alilala kitandani hata kula hali, presha ikapanda mpaka madaktari wakakata tamaa. Sasa Mwalimu anasubiri majibu ya mwisho ya hospitali yanayosema kama ugonjwa umekwisha mwilini au la. Akiyapata ndipo atakaa na mama yake amwambie kwa mdomo wake mwenyewe. "Akisikia kwa mtu mwingine," akasema, "atanizika siku hiyohiyo, na mimi nitamzika yeye."

Na bibi huyo anakaa benchi letu, na tableti hiyo anaishika! Nikafungua mdomo kumwambia Mwalimu yale yanayosemwa mtaani, kwamba yupo mtu amebebeshwa ugonjwa wake. Mama Pindo akanikata jicho. Nikameza wembe.

Mwalimu akavuta kiti. Alikuwa na hasira yeye pia, ila yake ni ya kimyakimya. Akafungua kile kivinjari, akatuonyesha kimeweka kila tulichotafuta tangu siku ya kwanza, saa ya kutafuta na mahali tulipokuwa. Akakiondoa. Akaja kwenye tochi. "Kazi yake kuwasha taa, sasa inataka majina ya watu?" Ikaenda. Kibodi yenye maua ilikuwa inasoma kila herufi tunayoandika, nayo ikaenda na maua yake. Ile ya kurembesha picha ilikuwa imeruhusiwa kuona picha zote za duka. Mama Pindo alishika mdomo, maana mle mlikuwa na picha za wateja wakijaribu nguo.

"Mimi kabla sijaweka programu yoyote nauliza," Mwalimu akasema. "Nani kaitengeneza, anaishi kwa nini, inataka nini kwangu ambacho haihitaji kwa kazi yake. Na ndani yake panaonekana?"

"Ndani panaonekanaje?" nikamwuliza.

Akatueleza kwamba kuna programu zinazoitwa huria. Watengenezaji hawafungi maandishi yaliyoziunda, wanayaweka hadharani, na mwenye ujuzi popote duniani anaweza kuyasoma aone kama kuna hila, na akiona kasoro anaisema irekebishwe. Nyingine zimefungwa, unapewa uso tu, ya ndani anayajua mtengenezaji mwenyewe.

Mama Pindo akaweka mkasi chini. "Yaani hao wa kwanza wanageuza nguo."

"Ndivyo hasa, wanageuza nguo."

"Na huyu aliyekuwa humu alikuwa hageuzi."

"Hageuzi. Tena uliyekuwa unageuzwa ni wewe."

Wifi yangu alikasirika hapo, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akikasirika. Alisema maneno ambayo siyaandiki. Mwalimu akaweka kivinjari huria, kinachozuia wale wanaokufuata kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, akakifundisha kifute kila kitu kikifungwa. Akabadilisha na mahali pa kutafutia, akaweka pasipotunza kumbukumbu ya mtafutaji. Kila kilipouliza Ruhusu, akamwachia Mama Pindo abonyeze mwenyewe, na Mama Pindo akawa anasoma mpaka mwisho, kisha anabonyeza Kataa kwa raha ya mtu anayefukuza mbuzi shambani. Akaunti ya duka ikatengwa na ya simu yake. Kaka yangu akafunguliwa ya kwake, ole wake asahau neno la siri.

"Kwa hiyo yote yamefutika?" nikauliza.

"Hapa yamefutika. Yale yaliyokwisha kuchukuliwa, siwezi kuwadanganya, yamekwenda. Na programu kushonwa wazi si kwamba haina kasoro, ni kwamba kasoro haina pa kujificha."

Yamekwenda! Wameyabeba wapi, kwa idhini ya nani? Ya kidole cha fundi simu! Ndiyo hasira niliyo nayo mpaka leo. Tableti ikarudi benchini inaonyesha mikono ya gauni na shela, safi kabisa, lakini mtaani Mama Pindo akabaki mgonjwa. Huko hakuna pa kubonyeza.

Gauni likaisha. Mimi ndiye niliyelipiga pasi, kwa hiyo ndani yake nilipaona. Upande wa kushoto alikuwa ameshona kikombe cha sponji kilichofunikwa pamba, kwa mkono, mishono midogo hata kucha haipiti, na kila ukingo ameuviringa usiguse kovu. Nje huoni chochote, ni kifua kizima kabisa. Miaka yote niliyokaa naye sijaona kazi aliyoifanya kwa upendo namna ile.

Siku ya kulichukua, Mwalimu akaja amefuatana na mama yake, maana bibi alitaka kuona mwanawe atavaa nini mahafali. Na Redio, kama kawaida, alikuwa amekwisha kaa. Mama Pindo akalitoa gauni, akalinyoosha mbele ya Mwalimu, bibi akapiga makofi kwa furaha. Kisha Mama Pindo akaanza kulikunja.

"Ala! Mbona unakunja?" Redio akadakia. "Geuza kwanza tuone ndani. Si desturi yako?"

"Hili sigeuzi."

Hata bibi alishangaa. Redio akasogea mbele ya benchi, nikaona macho yake yanatoka kwa Mama Pindo yanakwenda kwenye gauni, yanatoka kwenye gauni yanakwenda kwa Mwalimu na mtandio aliojizungushia kifuani. Alikuwa anajumlisha. Bado kidogo tu apate jibu.

Mama Pindo naye aliona. Akalikumbatia gauni. "Ndani nimeharibu," akasema. "Mshono umenishinda. Naona haya kuuonyesha."

Nilitaka kupiga kelele. Mshono ule! Mtu ambaye hajawahi kuficha uzi mmoja, amesimama mbele ya watu anasema ameharibu. Redio akaegemea nyuma, ameridhika.

"Maskini, ugonjwa umeshafika mikononi." Akamgeukia Mwalimu. "Hukusikia, mwalimu? Mama Pindo wetu ana saratani ya titi. Mtaa mzima tunajua, na mwenyewe hajakana."

Mwalimu akamtazama Mama Pindo, na wifi yangu akatazama sakafu. Niliona Mwalimu anaelewa, jambo moja baada ya jingine, pole, vitambaa vilivyopungua ukutani, kila kitu.

"Chukua gauni lako, mwalimu," Mama Pindo akasema. "Uwahi."

Mwalimu akalichukua. Kisha akamshika mama yake mkono. "Mama, njoo unisaidie kuvaa."

Wakaingia pazia, likafungwa. Mara bibi akatoa sauti moja, "Mwanangu!", na Redio akainuka nusu, shingo imenyooka. Mama Pindo hakumsubiri. Alikaa kwenye ovaloki, akachomeka kitambaa kibovu, akakanyaga pedali mpaka mwisho. Mashine ikanguruma duka zima likatetemeka. Redio akatega sikio kulia, akatega kushoto, hakupata kitu. Mama Pindo akashona kitambaa kile mpaka kikaisha, akachomeka kingine, machozi yanamdondokea mikononi, na mimi nikanusa moshi nikagundua nimeunguza shati la mteja.

Ndipo pazia likafunguka, na Mama Pindo akaachia pedali. Bibi akatoka, macho mekundu, anatembea amenyooka. Akapita benchini bila kutazama mtu, akafika kwenye ovaloki, akachukua mikono ya Mama Pindo akaishika yote miwili.

"Nimeona ndani," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Hujaharibu kitu. Katika umri wangu wote sijaona mshono safi kama ule."

Redio hakuweza kujizuia. "Kwani ndani kuna nini?"

Bibi akamgeukia. "Mshono, mwanangu," akasema. "Mshono tu."

Akarudi kumshika binti yake mkono, wakatoka.